Fundi wa Mkanda Mlaini

Jumanne ya wiki jana, saa saba mchana na dakika chache, nilikuwa nimekwisha kunawa mikono nianze kula redio ilipofika kwenye matangazo ya vifo. Wasomaji wa safu hii mnajua tulivyo: matangazo hayo yakianza, mazungumzo ya mezani hukoma na tonge husubiri, maana hakuna ajuaye ni ndugu wa nani atakayetajwa. Safari hii alitajwa mtu ninayemfahamu. Mwenyeji wa Ngana, fundi wa magari wa Mbugani mjini Kyela, amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie ndugu walioko Chunya, Tunduma, Dar es Salaam, na Karonga ng'ambo ya mpaka. Mke wangu alinitazama akisubiri niseme kitu. Nilikula, nikamaliza, nikaomba maji ya kunywa. Nayasema haya mapema ili asiwepo msomaji atakayelalamika kwamba nimemhadaa: hii ni kumbukumbu ya marehemu, lakini sidhani kama marehemu angependa kuisoma.

Desturi naijua. Aliyetangulia hasemwi ila kwa mema, na kwetu hata mwizi wa kuku akizikwa hugeuka kuwa mtu wa watu, mcheshi, aliyependa watoto. Nami nimeandika kumbukumbu nyingi za namna hiyo katika ukurasa huu, nikapaka sukari palipohitaji chumvi, na hakuna aliyeumia. Tatizo la huyu ni kwamba mema yake niliyaandika akiwa hai, tena niliyaandika kwa ufundi wangu wote, na watu wakaniamini. Kwa hiyo leo siwezi kukaa kimya nikamwachia Mungu, kama wanavyonishauri wenzangu hapa ofisini. Nimejaribu kwa wiki nzima, nimeshindwa.

Nilimfahamu katika ile miaka ya kwanza ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu na barabara zetu zikaanza kujaa magari yaliyokwisha kutumika kutoka Japani. Yeye alikuwa fundi wa shirika moja la usafirishaji hapa Mbeya, mtu wa ovaroli safi na kalamu mfukoni, mpaka siku shirika lilipowaita uwanjani na kuwasomea majina. Wengine walikwenda kulewa. Yeye alibeba sanduku lake la spana, akateremka Kyela, akapata kiwanja kidogo Mbugani nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Pwani, akachimba shimo la kuingilia chini ya magari, akaanza. Nilikuwa nikiteremka huko kila mwezi kumtembelea dada yangu, ambaye ana shamba la mpunga na kakao kule Bujonde, na siku moja ekzosi ya pikapu yangu ikalegea mbele ya gereji yake. Aliifunga akiwa anazungumza, hakunihimiza, na nilipomshukuru kwa Kinyakyusa changu kibovu, ndaga fijo, alicheka akaniambia nisirudie, maana mtu akinisikia atadhani nimekunywa.

Kilichonivuta kwake ni mikanda. Mnakumbuka siku zile magari ya Kijapani yalipokuwa mageni kwetu. Yalikuja na mikanda ya viti, na sisi hatukujua la kuifanyia. Magari yetu ya zamani hayakuwa nayo, tulikuwa tumezoea kushika kamba au kushikana. Basi watu waliikata. Huko Kyela niliona mkanda wa gari ukifunga magunia ya mpunga juu ya baiskeli, nikaona mwingine umekuwa utepe wa kitanda, na mama mmoja sokoni alikuwa amefunga mkungu wa ndizi kwa mkanda wenye kifungio chake kabisa, akaufunga na kuufungua kwa maringo. Fundi huyu alikuwa akizunguka akiikusanya. Alikuwa ameipachika ukutani kwenye misumari, pamoja na visanduku vyake, vile vinavyokaa chini ya nguzo ya mlango na kuumeza mkanda usipotumika. Nilimuuliza anaitakia nini, akaniambia nikae nimwone.

Alikibana kisanduku kimoja kwenye jiliwa, kikiwa wima, akanipa ncha ya mkanda nivute. Nikavuta, ukaja wote bila ubishi. Nikaachia, ukarudi wenyewe. Alinieleza kwamba ndani mna springi iliyosokotwa kama ya saa ya mezani, na kazi yake ni kuurudisha mkanda tu, ujikunje kwenye gurudumu lake usining'inie. Springi haimzuii mtu. Kisha akakilegeza kisanduku, akakiinamisha kidogo, akasema vuta tena. Mkanda ukagoma. Nilivuta kwa mikono miwili, nikaweka na mguu mezani, haukutoka hata kidole kimoja. Ndipo alipofungua kifuniko kwa bisibisi akanionyesha siri yenyewe: gololi moja ya chuma, kubwa kidogo kuliko za beringi ya baiskeli, imelala katika kikombe chake. Gari likienda sawasawa, gololi imetulia. Gari likishikwa breki za ghafla, likigonga au likipinduka, gololi inaviringika kutoka mahali pake, inakiinua kidole cha chuma kilicho juu yake, kidole kinaingia katika meno ya gurudumu, na gurudumu halizunguki tena. Alisema vipo visanduku vingine vinavyonasa pia mkanda wenyewe ukivutwa kwa ghafla, lakini vingi vya kwake vilitegemea gololi peke yake. "Gari linasimama, wewe bado unakwenda," aliniambia. "Hii ndiyo inayokukumbusha kusimama."

Nilirudi Mbeya nikaandika. Wengine mnaikumbuka safu ile, kwa sababu mliniletea barua nyingi kuliko nilizopata nilipoandika kuhusu siasa. Nilimsifu bila kumtaja jina, lakini nilitaja Mbugani na nyuma ya duka, na Kyela si mji wa kupoteana. Niliandika kwamba ukiufunga mkanda aliouweka fundi huyu, umemkabidhi maisha yako mtu anayejua anachokifanya. Sentensi hiyo niliipenda sana wakati ule. Alikata ukurasa huo, akauweka katika fremu ya kioo, akautundika juu ya meza yake ya kazi, na watu wakaanza kumletea magari kutoka Tukuyu na Kasumulu, wengine wakiwa na gazeti mkononi. Mimi nilijisikia kama mtu aliyejenga zahanati.

Sasa nije kwenye pikapu yangu. Upande wa dereva ilikuwa na mkanda wake wa asili, mzima. Upande wa abiria mtu alikuwa ameukata kabla haijanifikia. Nikamwomba anifungie mwingine, kwa sababu abiria wangu mkubwa ni dada. Huyu dada ndiye aliyenilea mama alipokufa, akanibeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado anahitaji kubebwa. Fundi alitoa kisanduku katika gari dogo lililogongwa, akakifunga kwenye nguzo ya pikapu, na siku ile ile tukapanda naye dada kuja Mbeya kumtazama mjukuu wake. Mkanda ulitutesa. Nguzo ya pikapu haikuwa na mwinamo sawa na ya lile gari dogo, kwa hiyo kisanduku kilikaa kikiwa kimeegemea upande, na gololi nayo ikawa macho muda wote. Kwenye kona ndogo ulinasa. Kupanda kuelekea Tukuyu ulinasa kabisa, ukambana dada shingoni hata akashindwa kuinama kuokota kanga yake. Alisema kitu hiki kimetengenezwa na mtu asiye na shingo.

Wiki iliyofuata nilikwenda gereji nikiwa na hasira za mteja. Palikuwa na watu wanne au watano wakisubiri magari yao, na fremu yangu iko ukutani juu yetu. Nikasema mbele yao wote kwamba mkanda unamkaba dada yangu, na kwamba sikutegemea kazi ya namna ile kutoka kwa mtu niliyemwandika gazetini. Hakubisha. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Niachie mpaka saa kumi." Saa kumi nilirudi, nikauvuta mkanda, ukaja laini kama utepe wa kanda. Nikaachia, ukarudi. Nikamwambia sasa hapo umekuwa fundi, nikamshukuru, nikaondoka. Nilikuwa nimefundishwa na mtu huyo huyo kwamba kisanduku kizuri hupimwa kwa kukiinamisha, na sikukiinamisha. Ulaini ulinitosha.

Dada aliufurahia. Kwa muda wa miezi mitatu aliufunga kila safari, mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, akawa anawaambia wanawake wenzake wa Bujonde kwamba siku hizi anafungwa kama rubani. Halafu asubuhi moja, tukitoka kwake, mvua ilikuwa imeacha barabara ikiteleza na ndama akakatiza. Nilikanyaga breki, pikapu ikaserereka ikagonga ukingo wa kalvati. Hatukuwa na kasi, watu waliotoka mashambani walisema waliona ni jambo dogo. Mimi mkanda wangu ulininasa, ukanirudisha kwenye kiti, nikabaki na mstari mwekundu begani. Wa dada ulimsindikiza. Ulitoka wote, taratibu, mpaka uso wake ulipofika kwenye dashibodi. Alipoteza meno mawili na jicho la kushoto. Madaktari walijitahidi kwa wiki sita, na mwishoni walituambia jicho litabaki pale kwa sura tu, halitaona tena.

Pikapu iliporudishwa nyumbani nilichukua bisibisi nikakifungua kile kisanduku, kwa kuwa nilikuwa nimeonyeshwa jinsi ya kukifungua. Skrubu zote nne zilikuwa mahali pake, zimekazwa vizuri. Kifuniko kilikuwa kimefutwa vumbi. Springi ilikuwepo, meno yalikuwepo, kidole cha chuma kilikuwepo. Kikombe kilikuwa kitupu. Nilitazama sakafuni, nikatazama chini ya kiti, nikapapasa kila mahali nikitamani niikute imeanguka, kwa sababu kuanguka kungekuwa bahati mbaya na bahati mbaya tumezoea kuishi nayo. Haikuwepo, na haikuwa na mahali pa kuangukia, maana kifuniko kilikuwa kimefunga.

Nilimkuta Mbugani peke yake. Nilimuuliza jambo moja tu, gololi iko wapi, naye hakujifanya hajui.

"Niliitoa," alisema.

"Kwa nini?"

"Mwandishi, ulikuja hapa mbele ya watu ukasema mkanda unamkaba dada yako. Hukuja kuniuliza, ulikuja kunisema. Nikakitoa kinachokaba."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungesema fundi gani huyu anashindwa na mkanda." Alionyesha ukutani kwa kidevu. "Na wewe ndiye uliyeniandika."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana, lakini maneno hayo yalinigeuzia kesi. Nilimuuliza kama kuna magari mengine. Akasema yapo machache, atawaita wenyewe ayarudishie. Sijui kama aliwaita. Nakiri sikufuatilia, na leo ninawaambia wazi ninyi mliokwenda kwake kwa ajili ya maneno yangu: simamisheni gari kwenye mteremko mkali, vuteni mkanda. Ukija laini, msishukuru. Nendeni mkafungue.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyaonea aibu zaidi. Dada alipotoka hospitali, fundi alikuja Bujonde kumpa pole kama inavyotakiwa: alikuja na wazee wawili wa kanisa, jogoo, kikapu cha mchele na mkungu wa ndizi. Kwetu mtu akija na wazee na jogoo, hahojiwi. Amekuja kuweka jambo chini, na wewe kazi yako ni kulipokea. Tukaketi. Wazee wakasali, wakasema ya kusema. Kisha yeye akamgeukia dada, kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia kwamba vifungio hivi vya zamani visiposukumwa mpaka vilie havishiki vizuri, na huenda kwa haraka ya safari asubuhi ile chake hakikulia. Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Dada alikuwa na bandeji nusu ya uso. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja, akasema labda ni kweli, labda hakusikia kikilia, akamshukuru fundi kwa kuja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka huo huo, na kile kikombe kitupu cha gololi, nilichokichomoa kwenye kisanduku, kilikuwa mfukoni mwa koti langu, kwa kuwa nilikuwa nimekuja nacho nimwonyeshe dada. Sikukitoa.

Nilijiambia ni heshima ya wazee. Nilijiambia kwamba kumwaibisha mtu aliyekuja na jogoo ni kukosa malezi, na kwamba dada amekwisha kusamehe, kwa nini nimvuruge. Ukweli ni mfupi kuliko hayo. Kama ningesema gololi ilitolewa, swali la pili lingekuwa ni nani aliyewatuma watu kwa fundi huyu, na la tatu ni nani aliyemkaripia mbele ya wateja mpaka akaitoa. Nilikuwa na jina la kulinda, ingawa jina hilo hata silitaji katika safu yangu.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo, na naona si la mtu mmoja. Tulipofunguliwa milango ya biashara, tulipata vitu vingi kwa mara moja, navyo vilikuja na masharti yake ambayo hakuna aliyetusomea. Sisi tuliyaita masharti hayo ubovu. Redio ikizima yenyewe kwa sababu ya joto, tunataka fundi aondoe kile kinachoizima. Fyuzi ikikatika kila wiki, tunafunga waya mnene, taa zikiwaka tunapiga makofi. Na huku kwetu tuna kosa letu la nyongeza, ambalo tunaliona kuwa ni tabia njema: tunamsifu fundi asiyesema hapana. Fundi anayekwambia haiwezekani, au subiri mpaka kesho, au tatizo ni wewe, tunamwita mwenye kiburi na tunahamia kwa jirani. Basi mafundi wetu wamejifunza. Unapolalamika, wanaondoa kelele. Kilichokuwa kinapiga kelele kwa ajili yako wanakitia mfukoni. Kwa muda mrefu hoja hii ilinisaidia kumsamehe marehemu kidogo kidogo. Nilisema alikuwa mtu wa wakati wake, alibanwa na kazi nyingi na sifa nyingi, hakujua njia nyingine ya haraka. Nilifika mahali nikaweza kupita Mbugani bila kugeuza uso.

Ndiyo maana, kesho yake baada ya kile chakula cha Jumanne, nilikwenda mazikoni. Pikapu niliiuza zamani, kwa hiyo nilipanda basi mpaka Kyela na kutoka hapo nikapakiwa kwenye baiskeli mpaka Ngana. Msiba ulikuwa mkubwa. Ukumbi wa migomba ulijaa, wanawake walikuwa wamepika masufuria yasiyohesabika, na mafundi wa wilaya nzima walikuja na ovaroli zao wakasimama mstari mmoja. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, mzee wa kanisa, mmoja wa wale wawili waliokuja Bujonde, alivaa miwani akasema hana maneno bora kuliko yaliyokwisha kuandikwa. Akainua fremu. Akasoma safu yangu yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya kanisani, na alipofika kwenye sentensi ile ya kumkabidhi maisha yako mtu anayejua anachokifanya, watu walilia. Walionifahamu waligeuka wakaniinamia vichwa. Nami niliwajibu kwa kuinamisha changu.

Baada ya kuzika, binti wa marehemu, mwalimu wa Tukuyu, alinitafuta katika watu. Aliniamkia kwa adabu, akanishukuru kwa niaba ya familia, akaniomba niandike tena, kwa kuwa baba yake alikuwa akisema hakuna aliyemwelewa kama mimi. Akaniambia anateremka mjini kuchukua sukari na anaweza kunifikisha. Tukaingia katika pikapu ya baba yake, kuukuu lakini safi, naye akaketi kwenye usukani. Kabla hajawasha alinigusa mkono akasema nifunge mkanda, baba hakukubali mtu apande humu bila kufunga. Nikaufunga. Ulikuja laini tu, nikasema moyoni, kumbe hata katika gari lake mwenyewe aliitoa gololi. Katika mteremko wa kwenda darajani nguruwe akatoka kwenye matete, binti akakanyaga breki, na mkanda ukanishika. Ulinibana kifuani ukanigandisha kwenye kiti, kisha gari lilipotulia ukaniachia taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Nikainama nikatazama chini ya nguzo. Kisanduku kilikuwa cha gari lingine, kama cha kwangu. Nguzo ilikuwa na mwinamo, kama ya kwangu. Lakini kati ya kisanduku na nguzo palikuwa na washa, vile vipete bapa vya chuma vya kuwekea chini ya nati, tatu upande mmoja na moja upande wa pili, zimepangwa kwa akili, na kisanduku kikawa wima kabisa, gololi yake ikalala usingizi mpaka itakapohitajika. Kazi yote ilikuwa ni washa nne. Nilimuuliza binti kama hii ilifungwa karibuni. Alicheka, akasema hapana, ilifungwa mwaka ule ule aliofungua gereji, alikaa siku nzima akiipima kwa timazi mpaka mama akamletea chakula chini ya gari. Mwaka ule aliofungua gereji ulikuwa kabla sijamfahamu. Kwa hiyo siku niliyokwenda kumfokea, dawa aliijua. Alikuwa ameitumia kwa mkewe na watoto wake. Ya siku nzima aliiweka kwake, ya saa kumi akanipa mimi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilidhani wanazungumzia uchoyo wa vyakula. Niliuma meno mpaka mjini. Sikumwambia binti neno, alikuwa ametoka kumzika baba yake.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja Bujonde. Nilikuwa nawaka. Nilikuwa na habari kamili hatimaye, na nilitaka mtu wa kukasirika pamoja nami, na nani mwenye haki ya hasira hiyo kuliko yeye. Dada alikuwa anageuza kakao kwenye majamvi. Siku hizi ili akuone lazima ageuze kichwa chote, na aligeuza, akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, umezika?" Nikaitikia ndaga, nikaketi ukingoni mwa jamvi, nikamweleza yote: gololi iliyotolewa, kikombe nilichokikuta kitupu, uongo wa kifungio, na washa nne za leo. Niliyasema kwa mpangilio mzuri, kama mtu wa kazi yangu. Aliendelea kugeuza kakao mpaka nikamaliza.

"Miaka minne," alisema, "nikipanda gari la mtu namwomba anifungie yeye. Niliona mkono huu hauaminiki."

Nikamwambia hakuwa na kosa lolote, kosa lote ni la yule mtu.

"Yule alinidanganya siku moja, akaenda zake." Aligeuza kichwa chote, akanitazama kwa jicho lililobaki. "Wewe, mdogo wangu, umekuja hapa kila mwezi. Umekula wali wangu, ukanitazama nikiulaumu mkono wangu."

Hakupandisha sauti, wala hakunifukuza. Alinitengea chakula kama kawaida, akaniambia nile, basi la mwisho lisiniache.

Nilikuwa nimeanza safu hii nikijiona mtu aliyesalitiwa, na bado najiona hivyo, siwezi kudanganya. Fundi yule alinigeuka, na nimemwandika kama alivyostahili. Lakini somo nililotoka nalo Bujonde si lake, ni langu, na nawaachia ninyi kwa kuwa mimi nimechelewa kulitumia. Ukijua kilichoharibika na nani alikiharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama wazee wameketi na jogoo amefungwa miguu mlangoni. Ukisubiri mpaka mwenye kosa azikwe, anayekusikiliza hatakuwa na mwingine wa kumuuliza isipokuwa wewe.